Mhitaji wa Chuo

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja, maana kwa sasa jina hilo liko mezani kwa kamati inayolipitia upya, na mimi ni mtumishi wa umma, sitaki makuu. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani, yenye mvua za wastani, na yenye Wizara ya Huruma na Takwimu.

Zamani, kabla ya Wizara hiyo kuundwa, watu wetu walikuwa wakihurumiana holela. Mtu akiumwa, majirani wanaingia tu, huyu na ndimu, yule na supu, bila hata fomu. Mtoto akifiwa na wazazi, shangazi anamchukua siku hiyohiyo, bila tathmini ya awali wala ya kati. Nikiyakumbuka mambo hayo naona aibu kwa niaba ya wazazi wangu. Bahati nzuri Bunge likapitisha Sheria ya Huruma ya Kitaalamu, kwamba mtu asimsaidie mwenzake mpaka awe na shahada. Ndipo kikajengwa Kitivo cha Ustawi wa Jamii, ambako mimi ni Karani wa Mihuri, mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Jengo letu lina ghorofa nne. Idara ya Watu Wenye Ulemavu iko ghorofa ya nne. Lifti ipo, mpya kabisa, bado imevikwa nailoni yake, inasubiri kuzinduliwa na Mheshimiwa Waziri. Tangu tuanze kusubiri, idara hiyo haijapata mtu mwenye ulemavu hata mmoja aliyefika kulalamika. Mkuu wa Kitivo, Profesa Mshamu, amelitaja jambo hilo katika taarifa sita mfululizo, chini ya kichwa cha Mafanikio.

Masomo ni ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anasoma Kutikisa Kichwa, sehemu ya kwanza na ya pili. Msiidharau kozi hiyo. Kichwa kinatakiwa kitikiswe kwa namna ambayo mwenye shida ataondoka akijua amesikilizwa, na mtaalamu atabaki hajakubali kitu. Mwaka wa pili ni Nadharia ya Pole: pole ya ana kwa ana, pole ya simu, na ile ngumu kuliko zote, pole isiyo na ahadi ndani yake, ambayo kila mwaka huwarudisha watu darasani. Mwaka wa tatu ni fomu. Baada ya hapo mwanafunzi anakwenda kwa mhitaji halisi, anajaza Fomu Namba Tisa, anairudisha kwangu.

Mimi nina mihuri miwili. Mmoja umeandikwa ANA CHAKULA, mwingine HANA CHAKULA. Naangalia jibu la swali la kumi na nne, nachagua, nagonga. Kazi ndogo, mtasema. Lakini katika nchi yetu jambo lisilogongwa muhuri halijatokea.

*

Tatizo letu mwaka huu lilikuwa uhaba wa wahitaji.

Mheshimiwa Waziri alikuwa amewaambia wageni kutoka ng'ambo kwamba katika wilaya yetu umaskini umekwisha. Wageni wakasema wangependa kuja kuona. Ili Mheshimiwa asiumbuke, wahitaji wote wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa wilaya ya jirani, ambako umaskini ulikuwa umepangiwa kwisha mwaka unaofuata. Akabaki mmoja tu, Bi. Mwatumu wa Mtaa wa Mgongoni, mjane, msusi wa mikeka, kwa kuwa siku ya malori alikuwa msibani akiwapikia wafiwa.

Chuo kikamwahi. Akaandikishwa katika daftari la zana za kufundishia, baina ya ubao na projekta. Mlangoni kwake kikapigiliwa kibao cha bati: MHITAJI WA CHUO. NI MARUFUKU KUMSAIDIA. Bi. Mwatumu hakukasirika. Aliuliza tu kama kile kibao kitazuia upepo, maana mlango wenyewe ulikuwa na tundu. Akaelezwa kwamba wanafunzi wote arobaini na mmoja watamtembelea, mmoja kila siku, na mwisho wa zoezi jalada lake litakwenda Wizarani. Jalada likionyesha hana chakula, atapata kiroba cha unga kila mwezi maisha yake yote. Likionyesha anacho, jina lake litafutwa orodhani.

Na wanafunzi walikwenda na kanuni zao kifuani. Kanuni ya Saba inasema mtaalamu asikatae ukarimu wa mhitaji, kwa sababu kukataa ni kumdhalilisha. Kanuni ya Nane inasema mtaalamu asimpe mhitaji kitu chochote, kwa sababu kumpa ni kumlemaza. Kanuni zote mbili nilizigonga mimi mwenyewe, na wakati nazigonga niliziona nzuri sana.

Basi akaenda mwanafunzi wa kwanza. Akapiga hodi, akaitikiwa karibu, akaamkia shikamoo, akapewa mkeka. Sasa ninyi mnawajua mama zetu. Mgeni ameingia ndani, amekaa kitako, aondoke mdomo mkavu? Nyumba ya nani hiyo? Bi. Mwatumu alikuwa na kibaba kimoja cha mchele alichokiweka kwa ajili ya Iddi. Akakipika. Fomu ilirudi mezani kwangu imeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyeshiba: "Swali la 14. Je, kaya ina chakula? Ndiyo. Wali kwa kunde. Nimeongezewa mara mbili." Nikachukua muhuri wa ANA CHAKULA, nikagonga.

Wa pili alikula kisamvu. Wa tano alikula kuku, ambaye alikuwa mmoja na ndiye aliyekuwa akitaga. Wa tisa aliandika kwamba chapati zilikuwa laini ila chai ingefaa iongezwe iliki. Vitu vilipokwisha ndani, Bi. Mwatumu akaanza kukopa kwa majirani, nao wakawa wanampitishia kwa mlango wa uani, kwa kuwa kibao kilikuwa mlango wa mbele. Alisuka mikeka mpaka vidole vikapasuka ili alipe. Ya vidole sikuyajua wakati ule, maana hakuna swali la vidole katika Fomu Namba Tisa. Mimi nilichokiona ni fomu, na fomu zilizidi kunona. Mwanafunzi wa thelathini alikula pilau.

Profesa Mshamu alifurahi sana. Alichora mstari ubaoni, unaopanda kutoka kunde mpaka pilau, akasema, "Ndugu zangu, hii ndiyo nguvu ya taaluma! Tumekwenda mara thelathini mikono mitupu, na mhitaji anapanda! Je, tungekwenda na vitu, si tungemharibu?"

Sisi wote tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi.

*

Mwanafunzi wa arobaini na moja, wa mwisho kabisa, aliitwa Sikudhani Mbaruku. Msichana mpole, kichwa anatikisa vizuri tu, alama zake nilikuwa nazo. Alikwenda Jumatatu, na fomu yake ilitakiwa Jumatatu hiyohiyo. Jumanne haikuja. Jumatano Profesa akanituma nikaifuate, kwa kuwa bila fomu ya mwisho jalada haliwezi kufungwa, na mahafali yalikuwa yamekaribia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kanga kiunoni, miguu imejaa udongo, anapalilia tuta la mchicha lililokuwa limemezwa na magugu.

"Shikamoo, Mzee Kitwana," akasema bila kuacha jembe.

"Marahaba. Binti, fomu iko wapi?"

"Swali la kumi na nne lilikuwa linanishinda."

"Linakushindaje? Waliokutangulia arobaini wameliweza. Ulikula nini hapa?"

Akasimama. Akaniambia kwamba Jumatatu Bi. Mwatumu alimwekea bakuli la uji, na yeye akatupa jicho jikoni, akaona sufuria imelazwa kifudifudi na mafiga hayana majivu mapya. Akasukuma bakuli pembeni. Bi. Mwatumu akabadilika uso. Akamwambia, "Mwanangu, uji wangu una nini? Au umeona nyumba ya maskini ukadhani na heshima haimo?"

"Nikaunywa, mzee," Sikudhani akasema. "Nikaunywa huku machozi yananitoka. Nikikataa namtukana, nikila namuua. Chuoni hamkutufundisha hapo mtu anafanyaje."

"Hapo mtu anatikisa kichwa," nikamwambia. Ndivyo mtaala unavyosema.

"Mimi nilimwomba mkeka nilale."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza, na aliponieleza nilitamani nikae chini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumanne Bi. Mwatumu alikopa mayai mawili, akamkaangia yote. Jumatano alfajiri, kabla mwenyeji hajaamka kwenda kukopa tena, Sikudhani akalichukua jembe nyuma ya mlango mwenyewe, hakungoja kupewa. Bi. Mwatumu alipomkuta shambani alimtazama, akacheka mpaka akashika mbavu, akamwambia, "Haya, ukimaliza hapo kachote na maji." Tangu dakika ile hakukuwa na mgeni nyumbani, na kwa hiyo hakuna aliyepikiwa.

Kisha akatoa kanuni za Wizara mfukoni, zilezile zenye muhuri wangu, akanisomea ukurasa wa nne: "Mwanakaya ni mtu aliyelala nyumbani humo na kushiriki kazi zake mpaka siku ya tatu." Akanikabidhi fomu. Swali la kumi na nne aliandika hivi: "Hapana. Mimi ni mwanakaya. Leo hatujala."

Bi. Mwatumu akatokeza mlangoni, mwembamba kama ukili anaousuka. "Baba, umesimama juani! Karibu ndani, hata maji basi." Nikasema nina haraka. Kusema kweli sikuwa na haraka, nilikuwa na aibu, ila wakati ule sikujua jina lake.

*

Baraza la Kitivo likakaa Alhamisi. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu. Sikudhani alisimama mbele, amenawa miguu.

"Binti," Profesa Mshamu akaanza, "nani alikutuma kuvuka mipaka ya kitaaluma? Mtaalamu huingia katika njaa ya mhitaji kwa nadharia, na hutoka kwa nadharia. Wewe umeingia kwa tumbo!"

"Profesa, nilitaka kujua kama kuna chakula."

"Ulikuwa na fomu!"

"Nilikuwa na njaa, Profesa. Ndiyo ikanijibu."

Wajumbe wakaguna. Mmoja, mtaalamu wa takwimu, akasema suala lenyewe ni rahisi: arobaini wamesema ndiyo, mmoja amesema hapana, na mmoja kwa hesabu za Wizara anaitwa kosa la uchapaji. Profesa akaafiki. Ili kumaliza ubishi akaniamuru nizisome fomu zote arobaini kwa sauti, binti ajionee mwenyewe alivyo peke yake.

Nikasimama nikasoma. Wali kwa kunde. Kisamvu. Dagaa wa nazi. Ilikuwa saa sita imepita, wajumbe wakaanza kumeza mate. Kuku. Chapati. Pilau. Mtaalamu wa takwimu alilegeza mkanda.

Sasa kuna swali la kumi na tano. Halina muhuri, kwa hiyo katika miaka yangu yote sikuwahi kulisoma. Linauliza: "Je, mhitaji mwenyewe alikula nawe?" Siku hiyo, kwa kuwa nasoma kwa sauti, ulimi ukateleza mstari wa pili. Fomu ya kwanza ilikuwa imeandikwa: "Amesema ameshakula." Nikafungua ya pili. "Amesema ameshakula." Ya tatu. Ya nne. Yule wa pilau, "Amesema ameshakula." Fomu arobaini, miandiko arobaini, na jibu ni hilo.

Nitawaambia ukweli. Mama yangu naye alikuwa ameshakula. Tulizaliwa saba, na miaka miwili ile ya ukame, kila tukizunguka sinia na kumwita aje, anajibu kutoka jikoni, kuleni wanangu, mie nimeshakula. Nami nilikuwa namwamini! Mpaka nimeota mvi namwamini. Nilipofika fomu ya kumi na saba nikasingizia vumbi la majalada, nikaomba maji.

Wajumbe hawakuniangalia, maana harufu ya chakula cha Baraza ilikuwa imeshaingia kwa chini ya mlango. Profesa Mshamu akatazama saa. Akasema kwa haraka, "Basi, basi, inatosha. Binti arudie Kutikisa Kichwa, sehemu ya pili, na shahada yake isimame. Kuhusu jalada la mhitaji, Karani agonge muhuri unaostahili. Kikao kimefungwa, twendeni tukale."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno: muhuri unaostahili. Nikabaki peke yangu na jalada na mihuri yangu miwili. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nikachukua ule wa HANA CHAKULA, nikaupulizia, nikagonga.

*

Wizara haikuuliza kitu. Mheshimiwa Waziri alifurahi, kwa kuwa mhitaji aliyethibitishwa ni nadra, na mtu hawezi kukabidhi msaada bila wa kumkabidhi. Jumamosi msafara ukaingia Mtaa wa Mgongoni: magari manane, wageni ishirini na sita, kikundi cha tarumbeta, na turubai lililokuwa pana kuliko nyumba. Kiroba cha unga kilikuja na gari lake peke yake. Profesa Mshamu aliponiona alininong'oneza, "Karani, uje na muhuri wa pili. Leo tutaurekebisha upuuzi wako hapahapa." Mfukoni alikuwa na Fomu Namba Tisa mpya.

Mheshimiwa akahutubia robo tatu ya saa. "Wananchi," akasema, "kiroba hiki mnachokiona si unga. Kiroba hiki ni sera!"

Bi. Mwatumu alisogea akakibonyeza kwa kidole. "Ahsante, baba," akasema. "Lakini na unga umo?"

Akahakikishiwa umo. Makofi yakapigwa, picha zikapigwa, na hotuba zikaisha. Hapo wageni walitakiwa kuondoka, lakini hawakuondoka. Wakakaa wakitazama jikoni, maana sifa za mikono ya Bi. Mwatumu zilikuwa zimeenea chuo kizima. Naye akawahesabu kwa macho, akafunga kanga vizuri, akakata uzi wa kiroba.

"Bibi, usifanye hivyo!" Sikudhani akamshika mkono. "Huu ni wa mwezi mzima."

"Niache, mwanangu. Watu wametoka mbali."

"Wametoka mtaa wa tatu, bibi! Wengine hawajazima hata magari!"

"Hata hivyo wameingia kwangu."

Hapakuwa na mjadala. Sikudhani akaenda kuwasha moto huku anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Niliwafuata uani nikasimama kando na kisanduku changu kwapani. Maji yalikuwa bado hayajachemka, kuni zikaisha. Sikudhani akazunguka ua mzima, akarudi na kijiti kimoja. "Mzee Kitwana," akaniuliza, "huna hata kipande cha ubao?"

Muhuri wa ANA CHAKULA ni wa zamani, mkubwa, wa mti wa mninga, na kisanduku chake ni cha mninga pia. Sikufikiri sana. Nikausukuma chini ya sufuria, kisanduku kikafuata. Ulinuka mpira kidogo mwanzoni, lakini mninga ukikauka unawaka vizuri.

Wageni wakala ugali kwa mchicha wa Sikudhani. Walipomaliza, Profesa Mshamu alinawa, akafuta mikono, akakunjua fomu yake, akasema kwa sauti ya kusikika na Mheshimiwa, "Swali la kumi na nne. Je, kaya ina chakula? Ndiyo, nimekula mwenyewe. Karani, muhuri!"

"Umeivisha ugali, Profesa."

"Nini?"

"Muhuri. Kuni zilikuwa zimekwisha."

Mheshimiwa alimgeukia Profesa, Profesa akanigeukia mimi. Lakini wangefanya nini? Sheria ni yao. Jibu lisilo na muhuri halipo, na muhuri mpya unahitaji zabuni, na zabuni inahitaji kamati. Mara ya mwisho tulipoagiza muhuri, mimi nilikuwa bado na nywele. Mpaka huo mwingine upatikane, Bi. Mwatumu kisheria hana chakula, na kiroba lazima kije kila mwezi. Barua ya kujieleza nimeshapewa. Nitaijibu nikipata nafasi.

Wakaondoka, magari manane na vumbi lake. Sikudhani alikuwa anakusanya sahani. Shahada hana, na nionavyo hatapata, maana amekataa katakata kurudia kutikisa kichwa. Majirani walikuwa wameanza kuingia kwa mlango wa mbele kumuuliza mambo yao, huyu mtoto wake hajaandikishwa shule, yule mume hajarudi tangu Pasaka, na yeye anawajibu bila kibali chochote.

Bi. Mwatumu akakwangua sufuria, akanijia na sahani. Bonge la ugali, na mchicha juu yake.

"Na wewe kula, baba."

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake. "Nimeshakula, mama," nikasema.

Akaiweka sahani chini, mbele yangu. Uongo ule alikuwa ameusema mara arobaini kwa wanafunzi wetu, na nani ajuaye mara ngapi kabla yao.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema. "Kaa chini."

Nikakaa. Akaligawa lile bonge katikati, akakaa kitako upande wa pili wa sahani, akanawa mkono, na tukala.